Aliyechoka Katika Shairi la Baba

Baba yangu alitunga shairi lake la kwanza akiwa chooni. Nalisema mapema kwa sababu yeye mwenyewe hakulionea haya, na kwa sababu bila choo hicho shairi lisingekuwapo. Tezi dume ilikuwa imemsumbua mwaka mzima. Mwanamume wa miaka sabini na minne mwenye shida hiyo huingia msalani akakaa, akingoja mwili ukubali, na baba, aliyefanya kazi reli tangu ujana na hajui kukaa bure, aliamua kuutumia ule muda.

"Wengine husoma gazeti," aliniambia. "Mimi nahesabu mizani."

Nyumba yetu ni mojawapo ya zile za kanjo, yaani baraza la jiji, hapa Jericho, Nairobi, vyumba viwili na jiko, na mlango wa choo umeoza upande wa chini. Ukiwa jikoni unasikia kila kitu. Naishi naye mimi, Carolyne, kifungua mimba wake. Sina mume, na hilo si la hadithi hii. Nafundisha Kiswahili katika shule ya upili, na kila mwisho wa mwaka nasahihisha karatasi ya fasihi ya mtihani wa taifa. Kazi hiyo imeniharibu. Siwezi kusoma tangazo la mazishi bila kutafuta tamathali za usemi, na jirani akifungulia wimbo wa injili mimi nautia alama kimoyomoyo.

Lakini kilichokuwa kikinichoma wiki ile hakikuwa shairi. Daktari alikuwa amesema ile tezi si saratani, tumshukuru Mungu, ila ikiachwa hivyo itaharibu figo. Alimtaka baba aje apasuliwe Jumanne. Mtu mzima huamua mwenyewe, kwa hiyo alimwuliza baba, na baba akasema atafikiri. Tulipofika nyumbani nikamwuliza mimi, akasema atafikiri. Kila nilipomwekea chakula mezani niliuliza, na kila mara alinijibu neno lile lile, kwa upole, akichukua kijiko.

Sasa kanisani kwetu kulikuwa na Jumapili ya Mavuno, siku mbili kabla ya hiyo Jumanne. Asiyeijua sherehe hiyo ya huku kwetu Eastlands nimweleze, maana ni kichekesho nikipendacho. Hapa hakuna mtu mwenye shamba. Aliyejitahidi sana ana miche ya sukuma wiki ndani ya gunia nje ya mlango. Lakini ikifika Mavuno, waumini wote wanashuka soko la Muthurwa, wananunua maboga, mikungu ya ndizi, mahindi mabichi na kuku, halafu Jumapili wanaingia kanisani kwa maandamano wakiimba kwamba jasho la mikono yao limezaa matunda. Mungu anaona yote na anapokea. Baada ya ibada vinapigwa mnada, na watu wanarudi nyumbani na maboga ya wenzao.

Kila kikundi huandaa kitu cha kuonyesha siku hiyo. Akina mama walipanga wimbo, vijana wakapanga mchezo wa kuigiza, na wazee wa Jericho wakaamua patolewe shairi. Wakamtupia baba kwa sababu binti yake ni mwalimu wa Kiswahili. Nilidhani atanipa mimi kazi hiyo. Hakunipa. Alijifungia msalani, na Jumatano asubuhi, nikikoroga uji, nikasikia sauti yake ikipanda kupitia kwenye ule uozo:

*Shambani nilisimama, jua likiwa mbinguni,*
*Mgongo umeinama, kisu kimo mkononi,*
*Masuke nayatazama, yamejaa kikapuni,*
*Nimechoka si kidogo, nipisheni nikalale.*

Nilihesabu kwa vidole juu ya mwiko. Nane kwa nane, vina safi, hajapotoka hata mara moja. Nilifurahi, nikatabasamu peke yangu jikoni. Kisha nikasikia maji, na kimya, na baada ya kimya ubeti wa pili:

*Kivuli kimeniita, viganja vina makovu,*
*Miguu naikokota, magoti hayana nguvu,*
*Upepo unanipita, moto umebaki jivu,*
*Nimechoka si kidogo, nipisheni nikalale.*

Tabasamu likaniishia. Kwa miaka yote niliyosahihisha, mavuno katika ushairi ni mwisho wa maisha, kivuli ni mauti, jivu ni kilichobaki baada ya nguvu kwisha, na kulala huko hakuhitaji kufafanuliwa. Mwanafunzi akiandika hivyo nampa alama bila kusita. Na kile kisu! Mtu anaambiwa atapasuliwa Jumanne, naye Jumatano iliyotangulia anatia kisu ndani ya shairi. Nilimwona baba yangu akiniambia kupitia mlango uliooza kwamba hatakwenda hospitali, kwamba ameshachoka, tumpishe. Uji ukashika chini ya sufuria.

Nilimpigia simu mdogo wangu Jacklyne. Jacklyne anaishi Huruma na anauza mapazia Muthurwa, na ni mtu wa kucheka hata pasipochekwa. Alikuja jioni ya Alhamisi na mkungu wa ndizi za Mavuno, akautua mlangoni akihema.

"Mzee yuko wapi?"

"Chooni. Anatunga."

"Bado? Aki huyu mzee atatoa albamu."

Nilimkalisha jikoni nikamsomea beti zote mbili kwa sauti ya chini, maana nilikuwa nimeshazishika kichwani. Alisikiliza akimenya ndizi ambayo ilikuwa ya Mungu.

"Sasa shida iko wapi?" akauliza. "Anasema amechoka. Hata mimi nimechoka. Kutoka Muthurwa na huu mzigo, si nimechoka?"

"Jacklyne, sikiliza taswira. Kivuli kimemwita. Moto umebaki jivu. Kisu mkononi. Mtu wa kupasuliwa Jumanne anaongea kisu na jivu, na wewe unaniambia mambo ya ndizi."

"Zii, Caro. Wewe mtu akitaja jua unaona kaburi. Hiyo ni poem ya kanisa. Ya mavuno. Unataka aimbe kuhusu nini, mitumba?"

"Basi kwa nini hasemi kama atakwenda?"

Hapo hakucheka. Aliweka ganda la ndizi mezani, akalilaza vizuri kana kwamba ni kitu cha maana. "Labda ana-miss mama," akasema. "Ni msimu wake huu."

"Tusianze," nikamwambia.

Hatukuanza. Hivyo ndivyo tulivyoishi nyumbani kwetu kwa miaka miwili. Mama yetu, Perez, alikuwa mke wa reli kama wake wengi wa reli wa kizazi chake: nusu ya mwaka Nairobi kwa mume, nusu ya mwaka kijijini Ugenya kwenye shamba la mtama. Msimu wa kuvuna ukifika hakuna ambaye angemzuia. Baba alipostaafu akaanza kufuatana naye, na msimu mmoja walikwenda wawili akarudi mmoja; sisi tuliitwa kwa simu, na mama tulimzika huko huko. Tulimwuliza baba ilikuwaje. Alisema, "Alikwenda vizuri," na tangu siku hiyo jina la mama halikutajwa tena mezani kwetu. Mimi ndiye niliyelinda kimya hicho kuliko wote. Jacklyne akigusa, namkata.

Baba alitoka akifunga mkanda. Akaona ndizi.

"Nyara, umeleta mavuno," akamwambia Jacklyne. Anatuita hivyo sote wawili, binti yangu, kwa lugha ya nyumbani.

"Ndiyo, baba. Nimevuna Muthurwa, karibu na stage."

Wakacheka wote wawili mpaka baba akashika ukuta. Mimi sikucheka. Niliona jinsi alivyoshika ukuta.

Ijumaa asubuhi ukaja ubeti wa tatu. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango, sitasema uongo, sikio karibu kabisa.

*Ghala limejaa tele, watoto wamelelewa,*
*Nisipigiwe kelele, wala nisije liliwa,*
*Njia iko huko mbele, mlango wafunguliwa,*
*Nimechoka si kidogo, nipisheni nikalale.*

Nisije liliwa! Nilisubiri atoke, nikamwekea chai, nikakaa mbele yake nikiwa na mikono kifuani kama nilivyo darasani.

"Baba, shairi lako nimelisikia."

"Najua. Ndiyo maana nilikuwa napaza sauti. Nilitaka mizani yangu isahihishwe."

"Mizani ni sawa. Ni sawa mno. Nataka maana."

"Mwalimu ni wewe."

"Jumanne utakwenda?"

Alikoroga chai ambayo hakuwa ameitia sukari. "Bado ubeti mmoja," akasema. "Nikiupata nitakuambia."

"Ubeti na hospitali vinahusiana vipi?"

"Bado ubeti mmoja, nyara. Unakataa kuja."

Nilimkasirikia. Nilimwambia kuwa figo hazingoji vina, kuwa wanawe hawajamaliza kumhitaji, kuwa ni ubinafsi mtu kujiandikia tanzia yake akiwa hai na kuisoma mbele ya watu walioshika maboga. Nilisema mengi. Hasira yangu ilikuwa woga mtupu na nadhani aliujua. Alimaliza chai yake isiyo na sukari, akaenda kupiga viatu rangi kwa ajili ya Jumapili.

Mchana huo nilikuwa nyuma ya nyumba naanua nguo kwa hasira, nikizivuta hadi vibanio vikaruka. Jirani yetu Ladan, Mama Hirad, anayeuza vitambaa Eastleigh na ambaye Ijumaa hafungui duka mapema, alikuwa upande wake wa ua akianika mashuka. Aliokota kibanio kimoja akanirudishia.

"Mwalimu, hizo nguo zimekukosea nini?"

Nikamwambia yote, na shairi nikamsomea, beti tatu, katikati ya mashuka yake. Ladan alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kwao, kwa Wasomali, ushairi si kitu cha mtihani. Babu yake alikuwa malenga, na ameniambia mara nyingi kuwa wao hutumiana mashairi kama sisi tunavyotumiana salamu.

"Ni tamu," akasema. "Huyu amechoka kweli."

"Baba yangu anataka kufa, Mama Hirad."

"Pengine. Lakini ngoja. Kwetu mtu hatungi shairi hivi hivi tu. Anajibu. Kuna mtu alimwambia kitu, sasa yeye anajibu. Au anapeleka maneno ya mtu mwingine. Kwa hivyo watu huuliza kwanza, hapa anasema nani, na anaambiwa nani? Umeuliza?"

Hilo ni swali langu. Ni swali la kwanza katika kila mtihani wa ushairi nchini humu: nafsineni ni nani, yaani yule anayesema ndani ya shairi, na nafsinenewa ni nani, yule anayeambiwa. Na kila mwaka nawakata watoto wa watu alama kwa kuandika kuwa anayesema ni mtunzi. Mtunzi si lazima awe nafsineni, nawaambia, nikiupiga ubao kwa chaki mpaka inavunjika.

"Anasema baba," nikamjibu Ladan kwa ukali. "Ni nani mwingine? Mzee, amechoka, anaumwa. Anatuambia sisi."

"Sawa," akasema. Hakubishana. Ladan habishani na mtu anayevuta nguo namna ile.

Jumapili ikafika. Mimi na Jacklyne tulikaa safu ya tatu, kati yetu boga moja kubwa ambalo sikumbuki nani alilinunua. Maandamano ya mavuno yaliingia kwa ngoma. Mzee mmoja wa kanisa alibeba jogoo aliyekataa kunyamaza wakati wa sala, na mchungaji akamwambia amtoe nje akaokoke huko. Watu walicheka. Jacklyne alinifinya kuona kama nitacheka. Nilikuwa nimebana meno.

Kisha akaitwa baba. Alipanda polepole akiwa na suti yake ya kustaafu, viatu vinang'aa. Hakuwa na karatasi. Nikamwambia Mungu, kama ni kuaga, nipe nguvu nisisimame nikamshusha.

Alitoa ubeti wa kwanza, na kanisa likatulia. Ule wa pili, mama mmoja nyuma yetu akasema "Woi!" kwa uchungu. Wa tatu nilikuwa naujua neno kwa neno, na bado ulinichoma. Baba akanyamaza. Nilidhani amemaliza, kwamba ule wa nne umemkatalia na atashuka sasa. Alitazama mikono yake. Halafu akaendelea, na sauti yake ikabadilika, ikawa nyepesi, na nikajua kuwa anamwiga mtu:

*Usifuate, Odera, kazi bado haijesha,*
*Mtama bado kupura, magunia ya kutosha,*
*Usione ni hasara, si wewe ulonichosha,*
*Nimechoka si kidogo, nipisheni nikalale.*

Odera ni baba. Lakini kanisani ni Mzee Phares, kazini alikuwa Phares, majirani humwita Baba Caro. Duniani alikuwapo mtu mmoja tu wa kumwita Odera, na alikuwa akiita kutoka jikoni humu ninamopikia mimi, akilivuta hilo jina kama anayemwita mtu aliye mbali hata kama baba amekaa mezani.

Jacklyne alinishika mkono. Alikuwa ameshalia zamani. "Ni mama," akasema kwa sauti, hakujali. "Caro, ni mama anaongea."

Shairi lote likageuka mbele yangu. Kisu hakikuwa cha daktari. Mtama haukatwi kwa mundu, unakatwa suke kwa suke kwa kisu kidogo, na ni wanawake wanaokata. Kile cha mama kilikuwa na mpini uliofungwa kitambaa, nilikiona kila alipofungua begi lake kutoka Ugenya. Moto uliobaki jivu ulikuwa moto wa jikoni wa mtu aliyetoka alfajiri kwenda shambani. Makovu ya viganja yalikuwa yake, nimeyashika mimi mwenyewe. Na uchovu ule nilioutia alama ya huzuni tangu Jumatano ulikuwa uchovu wa mtu ambaye ghala lake limejaa, watoto wake wamekua, na anataka tu kujinyoosha. Kifo kimo. Sikukosea hapo. Lakini shairi halikuwa na hofu hata kidogo, na mimi nilikuwa nimeijaza yangu.

Nililia kanisani, mimi ambaye sikulia hata Ugenya. Nililia nikishikilia boga.

Baada ya ibada mnada ukaanza na watu wakapiga kelele wakigombea yule jogoo. Tulimkuta baba amekaa kwenye benchi kando ya ukuta, amefungua kifungo cha juu. Tukakaa, mmoja kushoto, mmoja kulia.

"Alisema hivyo?" nikamwuliza.

"Alisema hivyo. Mimi niliongeza vina tu."

Akatusimulia. Miaka miwili alikuwa amelibeba, na alilitua pale, mbele ya kelele za mnada. Siku ile yeye na mama walimaliza mstari wa mwisho wa mtama baada ya jua kupita kichwani. Mama akaketi juu ya gunia, akafuta kisu chake kwenye leso, akacheka kwa sababu mwaka ule magunia yalikuwa mengi na baba alikuwa ameyafunga vibaya. Akasema, nimechoka, Odera, nipishe nikalale kidogo. Baba akataka kwenda naye ndani apumzike pia. Akamkataza. Usinifuate, alimwambia, kazi haijaisha, wewe pura. Baba akabaki anapura mtama. Alipura akiimba. Alipokwenda kumwamsha ili wale chakula cha jioni, hakuamka.

"Alikuwa na furaha?" Jacklyne akauliza.

"Sana. Alikuwa amenicheka kabla ya kuingia."

"Baba, mbona hukutuambia? Miaka yote hii."

Alitazama viatu vyake. "Kwa sababu aliniambia nisimfuate, na mimi nilitaka kumfuata. Ningewaambia maneno yake, nyinyi mngenishika nayo." Kisha akanigeukia. "Hukukosea sana, mwalimu. Zile beti tatu zilikuja haraka. Maneno yake ya kuchoka yalinifaa na mimi, nikawa nayasema kama yangu. Niliyapenda. Nilikuwa nikikaa mle ndani nikisema nipisheni, nipisheni. Ule wa nne ndio uliokataa, maana pale mimi ndiye ninayeambiwa. Leo asubuhi ndipo nilipoukubali."

Nilimwegemea bega. Alinukia rangi ya viatu na sabuni ya kufulia.

"Jumanne nitakwenda," akasema. "Lakini atakayenisindikiza ni Jacklyne."

"Jacklyne? Mimi ndiye niliyetafuta daktari. Mimi ndiye—"

"Wewe utamsahihisha daktari. Kaa nyumbani."

Jacklyne akacheka mpaka watu wa mnada wakageuka. Nikacheka na mimi, machozi bado usoni. Tukaenda nyumbani watatu, na jioni ile mezani tulimtaja mama tangu supu mpaka chai: jinsi alivyogombana na makondakta, jinsi alivyoficha samaki mkavu chini ya kitanda ili wageni wasimmalizie, jinsi alivyomlaumu baba kila treni ilipochelewa kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiisukuma. Baba alicheka na kusema alikuwa akiisukuma kweli. Nilishiba. Sijui neno lingine la kuelezea nilivyojisikia.

Jumanne sikwenda shuleni, niliomba ruhusa. Nilifagia nyumba iliyokuwa safi. Nilifunga ule uozo wa mlango wa choo kwa kipande cha bati, vibaya, nikakifungua tena. Nilijaribu kusahihisha insha za kidato cha pili na nikagundua nimempa mtoto mmoja alama mara mbili. Simu ilikuwa kifuani mwangu kama ninavyowakataza wanafunzi wangu.

Ilipolia niliiangusha, nikaiokota.

"Caro," akasema Jacklyne. Nyuma yake kulikuwa na sauti za wodi, magurudumu ya kitanda, mtu akikohoa. "Caro, relax. Ameamka. Anauliza kuna chakula gani."

Nilikaa chini sakafuni mwa jiko nikalia kwa sauti, kilio cha wazi kabisa. Ladan alikuja mbio kichwa wazi, akidhani nyumba imepata msiba, akanikuta nimekaa na simu mapajani. Nilipoweza kusema nilimwambia. Akaketi papo hapo sakafuni kando yangu, akalia pia, akiwa anamshukuru Mungu kwa lugha yake. Tulipomaliza akafuta uso kwa upindo wa nguo, akaniuliza mzee hupenda nini. Nikamwambia samaki. Akaenda kuleta sufuria yake kubwa.